Jinsi ya kuipa fonti ya lugha ndogo leseni huria: mwongozo wa hatua kwa hatua

Kimaasai kina irabu tisa, ilhali alfabeti tuliyoizoea ina herufi tano tu za irabu. Ndiyo maana wanaotunga kamusi na vitabu vya kusomea vya lugha hiyo wengi wao huongeza ɛ, ɔ, ɨ na ʉ, na pale toni inapobadili maana ya neno huweka alama juu ya irabu, kwa mfano ɨ́. Miaka kadhaa iliyopita nilisaidia kupanga kurasa za kitabu kidogo cha kusomea, na tulipomwonyesha nakala ya majaribio mwalimu mmoja kutoka Longido, aliweka kidole juu ya neno la tatu katika mstari wa kwanza, akasema herufi ile si yao. Alisema kweli. Nukta ya ɨ ilikuwa imebaki mahali pake, na alama ya toni ilikuwa imeangukia papo hapo juu ya nukta, hata zote mbili zikawa doa moja la wino.

Mtu anayejua kazi ya fonti angeyamaliza marekebisho yale kwa nusu saa. Hatukuweza kuyafanya, kwa sababu leseni ya fonti ile ilimkataza mtu yeyote kuibadilisha, na barua tulizomwandikia mwenye hakimiliki hazikujibiwa. Mpangaji wa kurasa ikambidi afunike nukta moja moja kwa kisanduku cheupe, ukurasa baada ya ukurasa. Toleo la pili lilipopangwa kwa karatasi ya ukubwa mwingine, mistari ilihama, visanduku vikabaki vilipokuwa, vikafunika herufi zisizohusika kabisa.

Nimeandika mwongozo huu kwa walimu, watafsiri, wachapishaji wadogo na mafundi wa kompyuta wanaoitengenezea lugha yao fonti au wanaomlipa mtu awatengenezee. Lugha yenye wasemaji milioni mia itapata mtu wa kuisahihishia fonti hata kwa bei kubwa. Lugha yenye wasemaji wachache humtegemea fundi mmoja au wawili, na fundi huyo akihama, akifariki au akichoka, ruhusa ya kusahihisha ndiyo inayoamua kama kazi itaendelea. Kwa hiyo jambo la kuangalia katika leseni, kabla hata ya bei, ni kama inamruhusu mwingine kurekebisha na kusambaza alichorekebisha.

Hatua ya kwanza: andika orodha ya herufi zako na uipime

Kabla ya kufikiria leseni, jua unachohitaji. Andika kila herufi ya lugha, ndogo na kubwa, pamoja na namba yake ya Unicode, yaani orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake. Kwa Kimaasai chenye tahajia niliyoitaja, orodha itakuwa na ɛ (U+025B) na Ɛ (U+0190), ɔ (U+0254) na Ɔ (U+0186), ɨ (U+0268) na Ɨ (U+0197), ʉ (U+0289) na Ʉ (U+0244), ŋ (U+014B) na Ŋ (U+014A). Kisha andika kila muungano wa herufi na alama utakaotokea katika maandishi halisi. Hapo ndipo fonti nyingi hushindwa.

Angalia tofauti hii. Neno Gĩkũyũ lina ĩ na ũ, na kila moja ina namba yake katika Unicode, kwa hiyo fonti nyingi za kawaida huziandika bila taabu. Neno Thuɔŋjäŋ, ambalo ndilo jina la lugha ya Wadinka wa Sudan Kusini, lina ä yenye namba yake. Lakini lugha hiyohiyo hutumia pia ɛ̈ na ɔ̈, ambazo hazina namba ya pamoja na hazitapewa, kwa kuwa Unicode iliacha kuongeza herufi za namna hiyo ikiwa zinaweza kuundwa kwa vipande viwili. Herufi huandikwa kwanza, alama huandikwa baada yake, na ni wajibu wa fonti kuwa na nukta za kushikizia zinazoiambia kompyuta alama ikae wapi. Kwa ɨ kuna sharti la ziada: alama ikija juu yake, nukta ya herufi iondoke. Fonti isiyojua sharti hilo huacha doa lile alilolinyooshea kidole mwalimu wetu.

Usisahau umbo la Ŋ kubwa. Fonti nyingi huichora kama N kubwa yenye mkia, umbo linalopendwa na Wasami wa Ulaya ya Kaskazini, ilhali wasomaji wengi wa lugha za Afrika wamezoea umbo la ŋ ndogo iliyokuzwa. Namba ya Unicode ni ileile, na hakuna aliyekosea. Hata hivyo mtoto wa darasa la kwanza aliyefundishwa umbo moja ubaoni hapaswi kukutana na umbo jingine kitabuni, na kubadilisha umbo hilo ndani ya fonti ni tendo linalohitaji ruhusa ya leseni.

Ikiwa herufi zako hazimo katika Unicode hata kidogo, kazi ni ndefu zaidi. Ndugu wawili wa Guinea, Ibrahima na Abdoulaye Barry, walianza kubuni alfabeti ya Adlam kwa ajili ya Kifulani mwaka 1989, nayo iliingia katika Unicode toleo la 9.0 mwaka 2016. Tengeneza fonti ya muda ukihitaji, lakini ipe leseni huria tangu mwanzo, kwa sababu namba zikishatolewa fonti zote za muda zitahitaji kubadilishwa, na huenda atakayezibadilisha si wewe.

Hatua ya pili: tafuta kwanza fonti iliyopo

Watu wengi huanza kuchora fonti mpya wakati iliyo tayari ingetosha. Shirika la SIL, linaloshughulikia lugha za jamii mbalimbali, limetoa Charis, Doulos, Gentium na Andika, zote zikiwa na herufi nyingi za Kilatini zinazotumika katika lugha za Afrika. Andika, ambayo jina lake ni neno letu la Kiswahili, ilichorwa kwa ajili ya wanaojifunza kusoma: herufi a na g zina maumbo mepesi kama yanayoandikwa kwa mkono, na I kubwa, l ndogo na tarakimu 1 hazifanani. Familia ya Noto ya Google ina fonti za mifumo mingi sana ya uandishi ya dunia, ikiwamo Adlam. Wanaoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama zilivyoandikwa tenzi za Lamu na Mombasa, watapata msaada katika Scheherazade New au Amiri. Hizi zote ziko chini ya leseni huria.

Ijaribu fonti kwa maandishi halisi yasiyopungua ukurasa mmoja, katika programu mtakayoitumia kweli kupanga kitabu, si katika orodha ya herufi pekee. Ukikuta kasoro, waandikie kwanza watunzaji wa fonti hiyo, uwaeleze lugha, namba za Unicode, na picha ya jinsi herufi inavyopaswa kuonekana ikichukuliwa kutoka katika kitabu kilichokwisha kuchapwa. Kasoro ikisahihishwa katika fonti mama, lugha jirani zenye herufi hiyo zinanufaika pia, nanyi mnaepuka mzigo wa kutunza fonti yenu wenyewe. Endelea na hatua zinazofuata ikiwa jibu halikuja, au ikiwa mnachotaka ni cha kwenu peke yenu.

Hatua ya tatu: soma leseni ya fonti unayoanzia

Fonti nzuri hurithi kutoka kwa nyingine. Kampuni ya Bitstream iliitoa fonti yake ya Charter kwa masharti mapana mwaka 1992, na ruhusa hiyo ndiyo iliyowezesha Charis kuchorwa juu ya msingi wake. Mwaka 2003 kampuni hiyohiyo ilitoa Bitstream Vera, yenye herufi chache, ikaruhusu ibadilishwe kwa sharti kwamba atakayeibadilisha asitumie tena majina Bitstream na Vera. Watu wa kujitolea waliiongezea maelfu ya herufi, wakaita kazi yao DejaVu, na kwa miaka mingi kompyuta nyingi za Linux zimekuja nayo.

Fonti zilizokuja na Windows au Mac kwa kawaida hazikupi ruhusa hiyo. Kuwa nazo ndani ya kompyuta hakukuruhusu kuzifungua, kuongeza ɨ na kuzigawa shuleni. Neno «bure» lililoandikwa kwenye tovuti pia halitoshi. Sheria za hakimiliki za nchi zilizo katika Mkataba wa Berne, zikiwamo Kenya na Tanzania, huilinda kazi tangu inapoundwa bila kusajiliwa, na mwenye kazi asiposema ameruhusu nini, chukulia kwamba hajaruhusu. Kuna wanaoleta hoja ya Marekani, ambako umbo la herufi lenyewe halilindwi kwa hakimiliki. Ni kweli, lakini hukohuko faili la fonti hulindwa kama programu, na kunakili mistari yake ni kunakili programu.

Angalia pia kama leseni mbili zinaweza kukaa pamoja. Ukichukua herufi kutoka fonti mbili zilizo chini ya OFL, ambayo nitaieleza hivi punde, unaweza kuziunganisha ukibakiza maelezo ya hakimiliki ya pande zote mbili. Ukichukua herufi kutoka fonti iliyo chini ya GNU GPL, ambayo ni leseni huria ya programu, huwezi kuzitia ndani ya fonti ya OFL, kwa kuwa kila leseni inadai kazi inayotokana nayo ibaki chini yake. Nimewahi kuona fonti nzuri ya herufi mia tatu ikikataliwa kwa sababu ya herufi nne tu zilizotoka mahali pasipofaa, na aliyezichukua hakukumbuka tena ni zipi. Andika chanzo cha kila herufi siku unayoiingiza.

Hatua ya nne: hakikisha nani mwenye hakimiliki

Mwenye kutoa leseni ni mwenye hakimiliki, na si kila mara ni aliyechora. Fundi aliyeajiriwa huenda kazi yake ikawa ya mwajiri. Fundi aliyepewa kazi kwa mkataba ni suala jingine: Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kwa mfano, huichukulia kazi iliyoagizwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vinginevyo. Usikisie. Kabla ya malipo ya kwanza, andikeni katika mkataba nani atashika hakimiliki na kwamba fonti itatolewa chini ya leseni gani. Leseni huria haimzuii fundi kulipwa. Alipwe vizuri kwa kazi yake, na mkataba useme kwamba analipwa kwa kuchora na kutunza.

Wengine wakichangia, hata kwa herufi moja, pata idhini yao kwa maandishi. Karatasi fupi kama hii inatosha kwa miradi midogo:

«Mimi, ________, nimechangia katika fonti iitwayo ________ maumbo na data zilizoorodheshwa hapa chini. Ninathibitisha kwamba nimezitengeneza mwenyewe, au nimezitoa katika kazi yenye leseni inayoruhusu, na nimetaja kazi hiyo. Ninakubali mchango wangu utolewe kwa umma chini ya SIL Open Font License, toleo la 1.1, na ninaelewa kwamba nakala zilizokwisha kutolewa hivyo haziwezi kurudishwa nyuma.»

Isomeni kwa sauti pamoja, kisha kila mmoja atie sahihi na tarehe. Sentensi ya mwisho ndiyo inayostahili mazungumzo marefu. Mwenye hakimiliki anaweza kutoa toleo lijalo kwa masharti mengine, lakini aliyekwisha kupokea nakala chini ya leseni huria ataendelea kuwa na haki zake. Ikiwa wazee au kamati ya lugha wana wasiwasi, kwa mfano juu ya alfabeti iliyobuniwa na jamii yao na ambayo wanaiona kuwa amana, wasikilizwe kabla ya kutoa, maana baada ya hapo hakuna la kubadilisha.

Hatua ya tano: chagua leseni

Ushauri wangu ni mfupi: tumia SIL Open Font License toleo la 1.1, ambayo watu wa kazi hii huiita OFL. Iliandikwa na Victor Gaultney na Nicolas Spalinger wa SIL, na toleo hilo lilitoka mwaka 2007. Taasisi za programu huria zinaikubali, mifumo ya Linux inaikubali, Google Fonts inaikubali, na fonti za Noto zilihamishiwa kwake mwaka 2015 kutoka leseni ya Apache. Atakayeichukua fonti yako baada ya miaka ishirini atakuwa ameshaizoea leseni hiyo na hatahitaji mwanasheria.

Masharti yake ni machache. Kila mtu anaruhusiwa kuitumia fonti, kuichunguza, kuinakili, kuibadilisha na kuisambaza. Haruhusiwi kuiuza fonti ikiwa peke yake, ingawa anaweza kuiweka ndani ya programu au kifaa kinachouzwa. Kila nakala iambatane na maelezo ya hakimiliki na leseni. Fonti iliyobadilishwa isitumie jina lililotengwa, ambalo nitalizungumzia katika hatua ifuatayo. Majina ya wenye hakimiliki na wabunifu yasitumiwe kutangaza toleo la mtu mwingine bila idhini yao ya maandishi. Mwisho, fonti na chochote kinachotokana nayo vibaki chini ya leseni hiyohiyo.

Wachapishaji huniuliza swali moja mara nyingi kuliko yote: je, nikichapa kamusi kwa fonti hii, kamusi yangu nayo inakuwa huria? Hapana. Leseni inasema waziwazi kwamba sharti la kubaki chini ya OFL haliihusu hati yoyote iliyotengenezwa kwa kutumia fonti. Kamusi, Biblia, gazeti au bango hubaki na hakimiliki ya mwenyewe, auze kwa bei anayotaka.

Wengi huvutiwa na leseni za Creative Commons, ambazo hutumika sana kwa maandishi, picha na muziki, hasa ile inayozuia matumizi ya kibiashara, wakidhani inailinda jamii dhidi ya makampuni makubwa. Naielewa hofu hiyo, na sioni kosa kuwa nayo. Lakini fikiria nani atakayezuiwa kwanza: mwenye duka la kuchapa kadi za harusi mjini, gazeti dogo linalouza matangazo, mchapishaji anayeuza vitabu shuleni, mtengenezaji wa simu ambaye angeiweka fonti ndani ya simu ili vijana waandikiane kwa lugha yao. Kampuni kubwa itaagiza fonti yake na kusonga mbele. Isitoshe, Creative Commons wenyewe hawashauri leseni zao kutumika kwa programu, na faili la fonti ni programu.

GPL inafaa ikiwa mradi wako unarithi kutoka fonti ya GPL, ila hakikisha ina kifungu cha ziada kinachoruhusu fonti kuingizwa ndani ya hati bila hati hiyo kufungwa na masharti ya GPL. Kuitoa kazi kwa umma bila sharti lolote kunawezekana pia, lakini hapo mtu anaweza kuiboresha fonti yenu, kisha akayafunga maboresho hayo. OFL hairuhusu hilo, na kwa lugha ndogo naliona kuwa jambo zito.

Hatua ya sita: amua kuhusu jina

OFL inakuruhusu kutenga jina. Andika, kwa mfano, ina majina yaliyotengwa «Andika» na «SIL». Ukiifungua na kubadilisha umbo la Ŋ tu, huruhusiwi kulisambaza toleo lako kwa jina Andika. Lazima ulipe jina jingine, katika kila mahali ambapo mtumiaji huliona. Sharti hilo lina maana, kwani linazuia kompyuta moja kuwa na fonti mbili za jina moja zenye tabia tofauti, jambo ambalo huharibu kurasa bila mtu kujua sababu.

Je, nanyi mtenge jina lenu? Hapa watu wenye ujuzi hutofautiana. Kutenga kunalinda heshima ya jina, hasa likiwa la ukoo, la mahali au la mtu aliyetangulia. Lakini tovuti nyingi hupunguza fonti ili ipakuliwe haraka, kwa kuondoa herufi zisizotumika kwenye ukurasa, na kupunguza huko kunahesabiwa kuwa ni kubadilisha. Jina likiwa limetengwa, kila mwenye tovuti anahitaji idhini yenu ya maandishi, na kwa sababu hiyo Google Fonts hupendelea fonti zisizo na jina lililotengwa. Mimi nashauri fonti mpya ya lugha ndogo isitenge jina, kwa kuwa shida yake kubwa ni kutofika kwa watu. Na ikiwa jina lina uzito wa heshima kiasi kwamba mtaumia likitumiwa vibaya, msiipe fonti jina hilo. Tafuteni la kawaida.

Hatua ya saba: iweke leseni ndani ya faili lenyewe

Hatua hii hurukwa mara nyingi, na madhara yake huonekana baada ya miaka. Faili la fonti husafiri peke yake: hutumwa kwa WhatsApp, huhamishwa kwa flashi, hunakiliwa kutoka kompyuta ya mwalimu mkuu kwenda ya katibu. Folda ya maelezo hupotea siku ya kwanza. Kinachobaki ni kile kilichoandikwa ndani ya fonti.

Ndani ya kila fonti kuna jedwali la majina ambalo sehemu zake zina namba. Namba 0 ni maelezo ya hakimiliki, namba 13 ni maelezo ya leseni, na namba 14 ni anwani ya mtandao ya leseni. Katika FontForge, ambayo ni programu huria, fungua menyu ya Element, chagua Font Info, kisha uende kwenye TTF Names. Kwenye sehemu ya hakimiliki andika mwaka na jina la mwenye hakimiliki, na jina lililotengwa ikiwa lipo. Kwenye sehemu ya leseni weka sentensi ya kawaida, kwa Kiingereza kama ilivyo: *This Font Software is licensed under the SIL Open Font License, Version 1.1.* Unaweza kuongeza maelezo ya Kiswahili au ya lugha yenu chini yake kwa ajili ya wasomaji, lakini nakala ya Kiingereza ya leseni ndiyo yenye nguvu, na tafsiri ni ya kusaidia kuelewa.

Kisha angalia alama ya kuingizwa katika hati, iitwayo fsType, iliyomo katika jedwali jingine la ndani ya fonti liitwalo OS/2. Thamani 0 inaruhusu fonti kuingizwa ndani ya PDF na kusakinishwa bila kizuizi. Thamani 2 inakataza, na 4 inaruhusu kuonyesha na kuchapa tu. Nimekutana na fonti zilizotangazwa kuwa huria huku alama hii ikiwa 2, na programu ya kupanga kurasa, ambayo haisomi matangazo, ilikataa kutengeneza PDF usiku wa kuamkia siku ya kupeleka kitabu kiwandani. Iweke 0, tengeneza fonti, kisha uifungue tena uhakikishe kwamba imebaki 0. Ukiweza kutumia fontTools, ambazo ni zana huria za kuchunguza na kurekebisha fonti, amri ya ttx itakuandikia jedwali lote kama maandishi ya kawaida, na utayaona yote kwa macho yako.

Hatua ya nane: kusanya kifurushi

Ndani ya folda moja weka mafaili ya fonti, faili la OFL.txt lenye maandishi kamili ya leseni na maelezo yenu ya hakimiliki juu kabisa, na faili la FONTLOG.txt linaloeleza fonti ni ya lugha zipi, nani walichangia na nini kilibadilika katika kila toleo. Msiyahariri maneno ya leseni yenyewe. Sehemu ya kujaza ni ile ya juu tu.

Weka pia mafaili ya chanzo, yaani yale unayofungua unapochora, pamoja na nukta za kushikizia na kanuni za kuondoa nukta ya ɨ. OFL haikulazimishi kuyatoa, na hapo naona leseni hii imeacha pengo. Fonti iliyokamilika inaweza kufunguliwa na kurekebishwa, lakini ni sawa na kurekebisha gauni lililokwisha kushonwa bila kuwa na kipande cha kupimia. Yatoe.

Hifadhi vyote katika mahali pa umma panapofuatilia matoleo, kama GitHub au GitLab, na funguo za kuingilia ziwe mikononi mwa watu wasiopungua watatu wanaokaa sehemu tofauti. Tuma pia nakala kwa maktaba ya chuo au kituo cha utamaduni kilicho karibu nanyi.

Hatua ya tisa: toa, kisha rekebisha

Ipe fonti namba ya toleo na usibadilishe kitu chochote bila kuongeza namba hiyo. Kabla ya kutoa, chapa ukurasa wa majaribio wenye kila muungano ulioorodhesha katika hatua ya kwanza, uwape wasomaji wa lugha hiyo wasiojua lolote kuhusu kompyuta, na uwaombe wazungushie kwa kalamu kila kinachowakera. Kila alama ya kalamu iingie katika orodha ya marekebisho, hata ile unayodhani si kosa.

Kitabu kinapokwenda kiwandani, mpelekee mchapaji PDF ambayo fonti imeingizwa ndani yake, na umwambie asiibadilishe kwa fonti yake. Kabla ya kuituma, fungua sehemu ya sifa za PDF na usome orodha ya fonti: jina la fonti yenu liwepo, na pasiwe na fonti nyingine iliyoingia kimyakimya kuziba herufi iliyokosekana. Kisha ukuze ukurasa mpaka ɨ́ moja ijae kwenye skrini, na utazame kama nukta imeondoka na alama ya toni imesimama juu ya herufi bila kuigusa.